Mtutu wa raifo ya shabaha kwenye kerezo: unyooshe ncha zote mbili, au upande wa chemba peke yake?

#1 Mkereza_Njiro
Wakuu, salaam. Nina hoja kwa wale wanaokereza vipimo vidogo, hasa mitutu ya raifo za kulenga shabaha kutoka mezani. Wamarekani wana mashindano yake, na chama chao cha NBRSA kilianzishwa 1951: raifo inalazwa juu ya mifuko ya mchanga, unapiga risasi tano kwenye yadi 100, kisha unapimwa umbali kati ya vitovu vya matundu mawili yaliyoachana zaidi.

Tundu la mtutu halinyooki kamwe. Drili ikipita kwenye chuma cha milimita 600 lazima ipotee kidogo, hivyo tundu lina upinde. Fundi anayenyoosha ncha zote mbili kwenye kerezo (yaani kuzifanya zizunguke sawa na kitovu cha mashine), mdomo na upande wa chemba (chumba linamokaa ganda la risasi), mpaka dayo geji (saa ya kupimia myumbo) isitikisike, anajidanganya. Ncha zimekaa, lakini pale koo la chemba (risasi inapoingilia mtutu) litakapokuwa, tundu linaelekea pembeni ya mstari wa mashine. Rima, kisu cha kuchongea chemba, itafuata mstari wa mashine, na risasi itaingia kwenye matuta ya mtutu (yaliyo kati ya mifereji inayoizungusha) ikiwa imeinama.

Njia sahihi ni kunyoosha sehemu mbili zilizo jirani: pale pale kooni, na milimita 50 mbele yake. Mdomo uachwe uyumbe utakavyo. Karibuni mpinge.

#2 KerezoMoshi
Napinga, na nina sababu mbili. Ya kwanza, mdomo ukiuacha uyumbe, ukishafunga mtutu kwenye akisheni (mwili wa chuma wa raifo) unaangalia pembeni. Darubini italazimika kuvutwa hadi mwisho wa marekebisho yake ili shabaha ifike katikati. Ya pili, mtutu wenye ncha moja inayozunguka nje ya kitovu unatikisa spindo (mhimili wa kerezo unaozunguka) ukiongeza kasi, na ule mtikisiko unaonekana kwenye kuta za chemba.

#3 Mkereza_Njiro
Hilo la mdomo lina dawa, Moshi. Unatafuta upinde unaelekea wapi, unatia alama, kisha unakata bega la mtutu kidogo kidogo ili thredi zikikaza alama iwe saa 12 juu. Upinde ukiwa wima, darubini inapoteza marekebisho ya juu na chini tu, ya pembeni yanabaki mazima. Na kasi ya rima ni mizunguko 60 hadi 100 kwa dakika. Kwa kasi hiyo mtikisiko unautoa wapi?

#4 Sakina86
Samahani wakuu, hizi kazi zinaruhusiwa kweli hapa kwetu, au tunajadili ya Marekani?

#5 Mzee wa Thau
@Sakina86 kugusa silaha kwa kuitengeneza au kuikarabati kunataka leseni chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Asiye nayo asome tu, na ujuzi wa kunyoosha autumie kwenye shafti na silinda, kwa sababu ni ule ule. Tuendelee.

#6 BintiVipimo
Tuweke namba badala ya kuvutana. Chukua tundu lenye upinde mmoja uliokaa sawasawa, urefu milimita 550. Ukinyoosha kooni peke yake, mdomo unatoka nje ya mstari kwa nusu mili. Sasa nyoosha ncha zote mbili: mwelekeo wa tundu pale kooni unakosea nusu mili kwa 550, yaani moja kwa 1,100.

Kichwa cha risasi cha milimita 6 kinashika kuta kwa urefu wa mili 8 hivi. Nane gawanya kwa 1,100 ni mikroni 7 (mikroni elfu ni mili moja). Hiyo ndiyo inama yote tunayoigombania. Wakati huo huo, chemba ya mashindano ya 6 PPC (aina ya ganda la risasi) yenye shingo ya inchi 0.262 huachiwa nafasi ya mikroni 25 hadi 40 kati ya shingo ya ganda na ukuta. Ganda lenyewe linaweza kulala upande ndani ya nafasi hiyo.

#7 Chuga_Vyuma
Dada umemaliza. Uzi ufungwe 😀

#8 Mzee wa Thau
Usifungwe. Binti, hesabu ni nzuri ila watu wataisoma vibaya. Nusu mili ya kupotoka, dayo geji itaisoma mili nzima, maana inasoma upande huu na upande wa pili. Fundi akiona nusu mili kwenye dayo, upotofu halisi ni robo, na zile mikroni 7 zinashuka kuwa 3 na nusu.

Kosa kubwa zaidi ni kudhani upinde umekaa sawasawa. Matundu halisi hayako hivyo. Mengine yana umbo la S, mengine yamenyooka kwa sehemu kubwa halafu yanakata kona fupi karibu na ncha. Mtutu wenye kona kwenye milimita 80 za mwanzo unaweza kuonyesha sifuri kwenye ncha zote mbili na koo likawa limepinda vibaya kuliko hesabu yoyote ya upinde.

#9 BintiVipimo
Nimekubali kuhusu dayo, asante Mzee. Kwenye kona fupi ndipo hoja ya Njiro inapopata nguvu.

#10 FundiMachame
Mnabishania njia ya kunyoosha kabla hamjasema mtutu umeshikwaje, na hapo ndipo wengi wanaharibu.

Taya nne za chaki (kishikio cha kerezo) zikikamata mtutu kwa urefu wote wa taya, mtutu hauwezi kuinama kufuata marekebisho ya nyuma ya spindo. Ukisukuma skrubu za nyuma, dayo inashuka vizuri na unafurahi, kumbe unaukunja mtutu kama upinde. Ukimaliza kukata na kulegeza, chuma kinarudi kilipotoka na chemba yako inaondoka nacho.

Weka waya wa shaba kati ya kila taya na mtutu, mduara mmoja tu, ili mtutu ushikwe kwenye mstari mwembamba na uweze kucheza kama kiungo cha bega. Nyuma ya spindo weka skrubu nne zenye vichwa vya shaba. Rekebisha mbele kwa taya, nyuma kwa skrubu, rudia mbele, rudia nyuma. Mwisho zungusha kwa mkono na usome dayo kwenye sakafu ya mifereji, si juu ya matuta, kwa sababu sindano itapanda na kushuka kila ikivuka tuta na utachanganya hiyo na kuyumba.

Geji iwe ya mikroni 2 na nusu kwa kila alama, yenye mkono mrefu unaoingia mpaka kooni. Fimbo zile za kuingiza tundu zikiwa na bushi ya mbele zinadanganya kwa kiasi cha ulegevu wa bushi.

#11 KerezoMoshi
Fundi Machame umesema kweli tupu kuhusu waya. Lakini taja na shida ya mashine zetu. Lethi (kerezo) nyingi za hapa Moshi, zikiwemo zile za kiwanda cha Kilimanjaro Machine Tools pale kwenu Machame, hedstoki yake (kichwa chenye spindo) ni ndefu. Mtutu wa inchi 22 unazama ndani na mdomo haufiki kwenye skrubu za nyuma. Hapo unafanyaje?

#12 FundiMachame
Hapo unarudi kwenye njia ya zamani: mtutu kati ya senta mbili (ncha zinazoubeba), stedi (kishikilizi cha kuzuia kuyumba) upande wa chemba. Unakereza kwanza mkanda wa nje unaozunguka sawa na tundu, ndipo stedi inashika mkanda huo. Mitutu mingi mizuri imetengenezwa hivyo. Udhaifu wake ni kwamba kila kitu kinategemea ule mkanda. Ukiwa na umbo la yai kwa mikroni 5, chemba inarithi mikroni 5.

#13 Mlenga_Shabaha
Wakuu, naheshimu mikroni zenu, ila mnaanza mwisho. Mpiga shabaha Mac McMillan alipiga kundi (umbali wa matundu yaliyoachana zaidi) la inchi 0.009 kwa yadi 100 mwaka 1973, kabla kamera za kuangalia ndani ya tundu hazijawa kitu cha kawaida kwenye karakana. Rekodi ilikaa karibu miaka 40 mpaka Mike Stinnett alipofikisha 0.0077 mwaka 2013.

Raifo ikitawanya, chemba iwe mtuhumiwa wa mwisho. Kwanza badilisha darubini na uweke nyingine unayoiamini. Kioo kinachohama ndani ya darubini kwa sehemu ndogo tu kinatosha kufungua kundi, na hakuna kerezo litakaloponya hilo. Pili, angalia kitako, ule mwili unaobeba akisheni.

#14 Chuga_Vyuma
Kitako unakiangaliaje? Toa hatua.

#15 Mlenga_Shabaha
Simamisha raifo wima. Funga dayo geji kwenye mtutu, sindano iguse ncha ya mbele ya kitako. Legeza skrubu ya mbele ya akisheni taratibu huku umeshika mtutu na kitako pamoja kwa mkono mmoja. Sindano ikisogea zaidi ya mikroni 50, akisheni imelala vibaya: skrubu zinaikunja kila unapokaza. Kaza tena, rudia kwa skrubu ya nyuma.

Dawa yake ni kuilaza upya kwenye epoksi yenye chuma ndani, ile ngumu ya kurekebishia mashine, juu ya nguzo za alumini. Paka dawa ya kuachia kila mahali, na ujaze udongo wa kuchezea kwenye kila tundu na pembe ambayo epoksi ikiingia itafunga. Uso wa mbele, pembeni na chini ya bamba la kupokea msukumo weka tabaka mbili za selotepu, ili bamba liguse kwa nyuma tu. Skrubu usizikaze wakati epoksi inakauka. Akisheni ikae kwa uzito wake, mpira wa kufungia uishikilie basi.

#16 Mzee wa Thau
Nyongeza kwa watu wa Arusha: asubuhi za Julai epoksi inachelewa sana kushika. Msifungue kwa kufuata saa zilizoandikwa kwenye kopo, zile ni za chumba chenye joto la nyuzi 20 na ushee. Ikifunguliwa mapema inaonekana ngumu kumbe bado inatambaa, na kipimo cha dayo kitakuwa kizuri leo na kibaya baada ya wiki.

#17 Sakina86
Hiyo baridi haiathiri na chuma chenyewe? Nimesoma chuma kinarefuka mikroni 12 kwa kila mita kwa kila nyuzi. Mtutu wa mili 600, tofauti ya nyuzi 10 kati ya asubuhi na mchana, ni mikroni 72!

#18 BintiVipimo
@Sakina86 12 ni ya chuma cha 4140. Mitutu ya mashindano mingi ni 416R, chuma cha pua chenye salfa kidogo ili kikatike vizuri, na hicho ni karibu 10, kwa hiyo ni mikroni 60. Halafu huo ni urefu. Unene wa mtutu ni milimita 31.75, na kwa nyuzi 10 unaongezeka mikroni 3 tu, tena kwa pande zote sawa. Kitovu hakihami.

Kinachohama ni spindo. Beringi za hedstoki zikipata moto mashine yenyewe inapanda. Iache izunguke nusu saa bila kazi, ndipo unyooshe. Ukinyoosha mashine ikiwa baridi, sifuri yako itakuwa imeondoka kabla rima haijaingia.

#19 Chuga_Vyuma
Na umeme ukishuka voti katikati ya kazi? Huku Unga Limited jioni mota inalia.

#20 FundiMachame
Rima itolewe papo hapo. Kasi ikishuka huku msukumo wa teilstoki (kichwa cha nyuma cha kerezo) ni ule ule, meno yanauma zaidi na kuacha mawimbi ukutani. Mawimbi yakishaingia, rima inayafuata kila ikirudi. Kuyaondoa: kunja karatasi iliyopakwa nta kuzunguka rima, mafuta mengi, punguza kasi hadi nusu, sukuma kwa uthabiti bila kusitasita. Karatasi inajaza mabonde na meno yanakata vilele. Yakigoma, ingiza fimbo ya kuchimbia yenye ncha moja, safisha ukuta, halafu rima.

Kwa kweli hata bila mawimbi, fimbo ya kuchimbia ipite kabla ya rima. Drili itoe nyama nyingi, fimbo inyooshe shimo, rima imalizie umbo. Rima ni mfuasi. Ikikuta shimo limepinda inapinda nalo, hata pailoti yake (pini ya mbele inayoiongoza tunduni) ikiwa imebana.

#21 KerezoMoshi
Pailoti isibane kupita kiasi. Bushi zake zinauzwa zikitofautiana mikroni 5. Ile inayozunguka kwa vidole bila kucheza ndiyo yenyewe. Ikibana, chenga moja ya chuma ikiingia kati inakwangua matuta mbele ya koo, na huo mkwaruzo hauondoki. Kwa hiyo kila mili moja au mbili toa rima, futa, safisha tundu, tia mafuta, rudisha. Wenye pampu ya kusukuma mafuta kutokea mdomoni wanaweza kwenda zaidi bila kutoa, maana chenga zinasukumwa nyuma zisifike kwenye matuta.

#22 Mkereza_Njiro
Mmekwepa hoja yangu kistaarabu sana 😀 Mlenga anasema darubini na kitako, Binti anasema mikroni 7, Machame anasema waya. Nauliza hivi: mitutu miwili ya kiwanda kimoja, chuma kimoja, rima moja, fundi mmoja, akisheni moja, kitako kimoja. Mmoja unapiga tundu moja lililochanika kidogo, mwingine haukubali chochote. Tofauti iko wapi kama si namna chemba ilivyokaa kwenye upinde wa tundu?

#23 Mzee wa Thau
Msongo ndani ya chuma. Mtutu uliotiwa mifereji kwa kuvuta kitufe cha kabaidi unasukumwa chuma chake kwa nguvu, haukatwi. Nguvu hiyo inabaki ndani mpaka itolewe kwa joto la tanuri. Isipotolewa vizuri, ukikereza nje kuupunguza unene, ngozi iliyokuwa inabana inaondoka na tundu linapanuka, hasa kuelekea mdomoni ambako mtutu ni mwembamba. Risasi inafika mwisho wa safari ikiwa imelegea. Halafu mtutu wenye msongo ukipata moto unahama, na matundu yanatembea kuelekea upande mmoja kila risasi. Mitutu iliyokatwa mifereji kwa ncha moja, tabaka baada ya tabaka, ina msongo mdogo zaidi, ndiyo maana wengi wanailipia.

Kupima ni rahisi: sukuma kipande cha risasi laini ya plumbi kwa fimbo kutoka chemba hadi mdomo na usikilize mkono. Kikilegea karibu na mwisho, umepata jibu.

#24 Mlenga_Shabaha
Nakubali nusu, Mzee. Mitutu ya vitufe imeshinda mashindano mengi, kwa hiyo tatizo ni tanuri, si kitufe.

Na mdomo tumeusahau! Gesi inatoka nyuma ya risasi kwa nguvu sana wakati kitako cha risasi kinaachana na chuma. Upande mmoja ukiachia kabla ya mwingine, risasi inapigwa kofi kabla haijaanza safari. Kata kama inchi moja kila ncha kwanza, kwa sababu usugulizi wa kiwandani huwa unapanua tundu pale mwanzoni na mwishoni. Kisha nyoosha milimita 50 za mwisho peke yake, hapa Njiro nakuunga mkono, na ukate pembe ya nyuzi 11 au hata uso bapa. Kisu kianze ndani ya tundu kije nje, ili vimeno vya chuma visisukumwe juu ya matuta.

Ukimaliza, chukua kijiti cha pamba cha masikioni, kiingize kidogo na ukivute nje taratibu kikisugua ukingo. Uzi mmoja wa pamba ukinasa, hapo pana kimeno. Zungusha mpaka ukipate, ukate tena kwa mikroni chache. Usisugue kwa msasa mkononi, utaondoa upande mmoja zaidi.

#25 BintiVipimo
Kwa swali la Njiro bado naweka jambo la tatu: mtetemo. Mtutu ukipigwa unatikisika kama fimbo, na risasi za kasi tofauti zinatoka mdomo ukiwa pembe tofauti. Ndiyo maana wengine wanafunga uzito unaosogezwa mdomoni. Mitutu miwili inayofanana inatofautiana pale tu ambapo baruti inalingana na mtikisiko wake. Wapigaji wa 6 PPC wanapakia maganda palepale uwanjani kwa sababu hiyo: joto na unyevu vikibadilika mchana, kipimo cha baruti cha asubuhi hakifai tena. Mtutu "usiokubali chochote" huenda haujapata kipimo chake.

#26 Mkereza_Njiro
Basi majibu manne kwa swali moja: upinde, msongo, mdomo, mtetemo. Bado nabaki na upinde.

#27 KerezoMoshi
Na mimi nabaki na ncha zote mbili, isipokuwa kona fupi ya Mzee, hiyo nimeichukua.

#28 Sakina86
Nje ya mada kidogo. Hii ya waya wa shaba itafaa kunyoosha shafti ndefu ya mashine ya kukoboa kahawa? Inayumba tukiishika kwa taya tatu.

#29 FundiMachame
Inafaa sana, na kazi yako ni rahisi kuliko ya hawa. Taya tatu usizitumie kwa shafti iliyokwisha kutumika, haziwezi kurekebisha. Taya nne mbele, stedi nyuma, na soma dayo pale beringi zinapokaa, si kwenye ncha, kwa sababu ncha zimegongwa nyundo. Waya wa shaba wa mili 3 unatosha. Uchome moto mpaka uwe mwekundu, uzamishe kwenye maji ulainike, ndipo uuzungushe. Waya mgumu unateleza taya zikikazwa, na utanyoosha mara tatu bila kujua kwa nini sifuri haikai.